Moto Juu, Moto Chini

Wakuria walikuwako kabla ya mpaka. Ndiyo maana kati ya Sirari na Isebania mtu hulala Tanzania, akanywa chai ya asubuhi Kenya kwa shangazi yake, na adhuhuri ikamkuta amesharudi kwake. Mimi nilivuka kigeni, pasi mkononi na tumbo tupu, na kwenye kibanda cha kwanza kilichotoa moshi nikaagiza chai ya maziwa na kitafunio. Nililetewa kipande cha rangi ya kahawia, kigumu kwa nje, kimepasuka mgongoni. "Hafukeki," alisema muuzaji. Nikamuuliza huiokea wapi. Akacheka, akanionyesha karai la mafuta.

Kenya nzima hula hafukeki na hakuna anayehangaika kwamba haijawahi kuokwa. Mimi nilihangaika kidogo, kwa sababu ya kwetu. Nimekulia Tanga, katika nyumba isiyokuwa na oveni ambamo mkate uliokwa kila wiki, na Ramadhani karibu kila siku. Mchele unarowekwa usiku, unasagwa na tui, unatiwa hamira na iliki. Ukishaumuka unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, sufuria inafunikwa kwa sinia, na juu ya sinia vinapangwa vifuu vya nazi vinavyowaka. Moto juu, moto chini. Mkate wa kumimina hauna siri kubwa kuliko hiyo. Huku ziwani minazi ni ya kuhesabu, na ngano yenyewe hailimwi. Nilitaka kujua nani huwasha moto juu ya kifuniko, na anamwokea nani.

Barabara inayotoka Isebania kwenda mji wa Migori inapita katikati ya mahindi, migomba, na mabanda marefu ya matofali yenye milango midogo. Ni mabanda ya kukaushia tumbaku. Kwa miaka mingi hizo ndizo zilizokuwa oveni kubwa za Kuria: kuni zinachomwa usiku na mchana mpaka jani lipate rangi, na miti mingi ya huku imeishia humo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, FAO na Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na serikali ya Kenya, walianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe. Wapo waliohama, wapo waliobaki. Mabanda ya waliohama yanabomoka taratibu, ila matofali yake hayalali bure.

Nilifikia kwa mama mmoja, mke wa mwalimu, ambaye ametwaa matofali ya banda la baba mkwe wake akajenga tanuri uani. Linamfika kiunoni. Mgongo wake wa mviringo umekandikwa kwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi ya ng'ombe, mdomo wake unazibwa kwa kipande cha bati, na bomba la moshi hakuna. Siku hiyo aliliwasha mapema kwa magunzi ya mahindi na matawi ya mkaratusi, na nilipoamka moto ulikuwa umejaa ndani, ndimi zinalamba dari na kutokea mdomoni.

"Utajuaje kwamba limeiva?" nikamuuliza.

"Dari litasema."

Nikachungulia. Mwanzo dari lilikuwa jeusi kwa masizi. Baadaye masizi yenyewe yalishika moto, yakaungua, na matofali yakabaki meupe. Hapo akavuta makaa yote nje kwa jembe, akafagia sakafu kwa majani mabichi ya mgomba aliyoyafunga kwenye mti mrefu, yakitoa mvuke na harufu ya mboga. Halafu akarusha unga kidogo ndani. Ukiwa mweusi papo hapo, anasema, funga mlango, nenda kachume mboga, urudi. Unga uligeuka rangi ya chai bila haraka. Akaingiza mikate.

Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa vitu kufuata joto linavyoshuka. Mikate huingia kwanza, inapotoka zinaingia keki kwenye vibati, keki zikitoka zinaingia karanga. Usiku, tanuri likiwa vuguvugu tu, anajaza kuni mbichi za kuokea wiki ijayo, zikauke humo. Mimi nina rafiki Dar es Salaam mwenye oveni ya umeme ya vitufe kumi na viwili, na sijawahi kumwona akitumia joto moja kwa kazi nne.

Baba mkwe alikuwa amekaa kivulini na fimbo yake, anatazama matofali yake ya zamani. Alisema tumbaku ilimlipia karo za watoto wote, lakini haikuwahi kulika. Kisha akadai kipande cha ukingoni, kile kilichoungua kidogo, na mke wa mwalimu akampa kwa mikono miwili.

Mjini Migori hakuna uani. Kuna nyumba za kupanga zilizobebana, chumba kimoja kimoja, na koridoo yenye kamba za nguo. Humo nilimkuta msichana ambaye kazi yake ni keki, na kazi hiyo inamlisha yeye na mdogo wake. Oveni yake ni sufuria kubwa ya kupikia pilau ya harusi, nzito, iliyokwisha kubonyea, aliyoinunua kwa mtu aliyeacha biashara ya mkahawa. Ndani yake kuna mchanga wa mtoni. Ameuchekecha, ameuosha mpaka maji yakawa safi, ameuanika juani, na sasa umejaa kiasi cha vidole vitatu kutoka chini. Juu ya mchanga ameweka vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe hukaa bati la keki. Bati lisiguse mchanga wala ubavu wa sufuria. Hewa ya moto inataka njia ya kuzunguka.

Ujuzi huu haukutoka kwa bibi yake. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza Sayansi Kimu katika shule za msingi, na mama yake alikuwa miongoni mwa watoto walioambiwa walete sufuria, mchanga na makaa shuleni. Walioka keki moja darasa zima, kila mtoto akaonja kiasi cha kidole gumba. Mama akaiweka akilini miaka yote hiyo, akaja kumfundisha binti alipokosa kazi.

Nilikaa naye koridoo mchana mzima, kwa hiyo niruhusiwe kueleza. Sufuria yenye mchanga inafunikwa na kupashwa moto kwanza, ikiwa haina keki, mpaka tone la maji likidondoshwa kwenye mchanga litoweke kwa mlio. Ndipo bati linaingia. Baada ya hapo makaa mengi yanahamia juu ya kifuniko na machache yanabaki jikoni, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa akili inawaambia moto wa kupikia ni wa chini. Joto hupanda lenyewe. Ukiweka makaa sawa juu na chini, keki itaungua tumbo huku uso ungali uji. Yeye huacha theluthi moja chini na kupeleka mbili juu, na katikati ya kuoka huzungusha kifuniko kidogo, kwa sababu makaa hayawaki sawa pande zote. Kifuniko hakifunuliwi kabla ya nusu saa hata kama rais amepita barabarani. Hewa baridi ikiingia mapema, keki inakaa chini na haisimami tena.

Kipimo cha mwisho ni pua. Alikuwa ananisimulia kuhusu mpenzi wa jirani, akanyamaza katikati ya sentensi, akavuta hewa, akasema, "Bado dakika tano." Sikusikia tofauti yoyote. Alipofunua na kuchoma kijiti, kilitoka kikavu.

Wapo wanaotumia chumvi badala ya mchanga, ya mawe, na wanasema inashika joto vizuri. Wapo wanaotumia kokoto. Jirani yake aliokota mawe mtoni asubuhi, akayatia sufuriani yangali na maji ndani yake, na yalipopata moto moja likapasuka kwa kishindo likatoboa keki ya ubatizo. Mchanga pia unaokoa sufuria. Alumini huyeyuka nyuzi 660, na jiko lililopepewa vizuri linaweza kupita hapo. Sufuria tupu ikiachwa juu ya makaa makali inalegea kitako.

Na mbona si gesi? Anayo, mtungi mdogo, wa chai. Aliniambia kodi ya asilimia 16 iliporudishwa kwenye gesi ya kupikia mwezi Julai 2021, nusu ya koridoo ilirudi kwenye makaa, na kodi ilipoondolewa mwaka 2023 wengine walikuwa wameshazoea. Mwenye nyumba amepiga marufuku jiko la makaa ndani ya vyumba, na katika hili namuunga mkono kwa moyo wote. Kwa hiyo wanapika koridooni, safu moja ya majiko, na mchana ule kulikuwa na keki mbili, maharagwe, na omena iliyokuwa inaitia keki yetu wasiwasi wa harufu.

Wateja wanampata kwa simu. Siku za kuzaliwa, watoto wanaohitimu chekechea, mahari, mazishi hapana. Wakati mwingine sauti upande wa pili inauliza kwa mashaka, "Lakini una oveni?" Naye hujibu bila kupepesa jicho: "Ninayo." Nami nasema hajadanganya mtu.

Awendo nilipita na dirisha wazi, na harufu ya miwa ikaingia. Mji huu uliota pembeni mwa kiwanda cha sukari cha Sony, na kando ya shughuli za kiwanda kuna watu wanaochemsha maji ya miwa kwenye makarai makubwa hadi yagande kuwa sukari nguru. Nilinunua kipande. Yule msichana wa Migori alinidokeza kwamba nguru kidogo ndani ya unga huipa keki rangi hata siku ambayo makaa ya juu yamekuwa goigoi. Kutoka Rongo gari lilikata kushoto, likapita Rodi Kopany, na ghafla mbele yetu nchi ikainama na ziwa likatokea, limelala chini ya kilima cha Asego, na mji wa Homa Bay ukingoni.

Homa Bay ni mji wa upepo. Asubuhi ziwa limetulia. Mchana upepo unaingia nchi kavu, na kila mwenye jiko la nje anajua makaa yake yataisha mapema. Mafundi wa jua kali wamelipatia hilo jawabu: kabati la bati lenye kuta mbili, katikati ya kuta udongo au majivu, droo ya makaa chini, tandiko la makaa juu, na mlango wenye komeo la dirisha. Nililipenda sana mpaka nikamuuliza fundi kama linaweza kuingia kwenye buti la basi. Alinitazama kwa huruma.

Nyumba niliyolala ilikuwa na oveni ya kweli, nyeupe, ya kuunganishwa na umeme na gesi. Asubuhi nikaomba sahani, mwenyeji wangu akafungua mlango wa oveni na kuzitoa humo, pamoja na vifuniko na kopo la majani ya chai. Umeme unakula pesa, alisema, na gesi ya kuokea keki moja inatosha kupika samaki wiki nzima. Keki za familia anaagiza kwa mwanamke wa mtaa wa pili mwenye kabati la bati. Nadhani kuna oveni nyingi za namna hiyo kutoka Homa Bay hadi Tanga, zilizonunuliwa kwa heshima na kuajiriwa kama makabati.

Kendu Bay nilifika Ijumaa, na siku hiyo ndiyo yenyewe. Mnamo 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia, kilima kilicho karibu na mji huu, wakaanzisha misheni ya kwanza ya Waadventista Wasabato katika nchi hii. Kutoka hapo imani ilisambaa Nyanza ya kusini yote, mpaka Kuria, na ikapanga upya wiki ya jikoni. Jua likitua Ijumaa, Sabato imeingia. Hakuna kupika mpaka lizame tena Jumamosi. Vyakula vyote vya siku ile hukamilishwa Ijumaa, siku ya maandalio, na chakula kinachostahimili kulala ni kile kilichookwa.

Kwa hiyo Ijumaa alasiri, boma baada ya boma, kuna makaa juu ya vifuniko. Adhana ilikuwa imeshaita Ijumaa kwenye msikiti wa mjini, maana Kendu ina Waislamu wake wa siku nyingi, na mimi nilikuwa natoka huko na mtandio wangu nilipoitwa na wanawake waliokuwa wamekaa chini ya mwembe. "Nyar Tanga, karibu." Waliniita binti wa Tanga, ndivyo Waluo wanavyomwita mwanamke kwa kwao, na kufikia jioni nilikuwa naitika bila kugeuka mara mbili.

Walikuwa wanaoka kwa ushirika. Sufuria nne, makaa ya pamoja, mtoto mmoja wa kupepea. Shemasi wa kike alikuwa na kazi yake ya peke yake pembeni: mkate wa meza ya Bwana, usiotiwa chachu, unga, mafuta, maji na chumvi, umesukumwa mwembamba na kuchorwa mistari kwa kisu ili uvunjike vizuri. Huo huokwa mara chache kwa mwaka, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuusogelea. Mikate mingine ilikuwa ya soga. Wakibishana juu ya moto wanabishana kweli: huyu anasema makaa ya mshita yana hasira, yule anasema hasira ni ya mwokaji. Waliponihoji kuhusu kwetu nikawaeleza vifuu vya nazi. Wakasikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza, "Sasa nazi ikiisha mnakula mbichi?"

Kwenye mkeka alikaa nyanya wa boma, dana, wa miaka mingi, akitazama bila kusema. Ujana wake, alipokuwa ameolewa karibuni, alihudhuria kikundi cha Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 wakati wa ukoloni, ambacho vikundi vyake vilifundisha kushona, usafi na mapishi. Walifundishwa skonzi. Oveni yao ilikuwa debe la mafuta lililolazwa ubavu kati ya mawe, moto chini, makaa mgongoni. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo mara ya kwanza kuoka.

Hakujibu. Alimwashiria mjukuu, na mjukuu akachimbua kwa kijiti kwenye jivu la mafiga, nyuma kabisa, ambako hakuna aliyekuwa akiangalia. Vilitoka viazi vitamu vitatu, ngozi imekunjamana na kuvuja asali iliyoganda nyeusi. Alikuwa amevivumbika tangu adhuhuri.

"Nyathina," alisema, "waliokuja na oveni walitukuta tunaoka."

Tulivila na chai. Hakuna keki iliyovifikia siku ile, na mimi ni mtu wa keki.

Kabla ya kuondoka walinifungia kipande cha mkate kwenye jani la mgomba, na nilipokataa kwa adabu za pwani wakanitajia Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la maji ya magadi, karibu na mji, la duara, lenye heroe pembeni. Wanasema palikuwa na kijiji hapo. Usiku wa sherehe alifika kikongwe, akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Maji yakapanda, kijiji kikazama na ngoma zake. Nikachukua mkate.

Kisha Kabondo, kwenye barabara ya Oyugis kwenda Sondu, ambako viazi vitamu vimepangwa mafungu kando ya lami na wanawake wanakimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Miongoni mwake vimo vya rangi ya chungwa, aina zinazoitwa Kabode na Vita, zilizosambazwa kwa ajili ya vitamini A inayolinda macho ya watoto. Kaunti hii ya Homa Bay imewahi kutengeneza rojo la viazi hivi la kupelekea waokaji wa mikate ya madukani. Lakini niliyetaka kumwona ni mwanamke anayevioka nyumbani. Anachemsha kiazi, anakiponda kingali moto, anakikanda na unga wa ngano, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha kiazi, sukari anaipunguza kwa kuwa kiazi kimekuja na yake. Maji hatii mpaka unga uombe. Anaoka kwenye sufuria ya mchanga, namna ileile ya Migori, ingawa wawili hawa hawajuani.

Mkate ulitoka wa manjano, laini, ukakaa siku nyingi zaidi ya wa ngano tupu kabla ya kukauka. Bei ya unga wa ngano ikipanda, yeye anaongeza kiazi, na wateja wake wanasema mkate umekuwa mtamu zaidi. Mikate mingi ya dukani niliyokula Kenya haiufikii huu.

Ukipita barabara hiyo simama Kabondo, ununue vya rangi ya chungwa, vile vidogo vyembamba, vinaiva upesi. Ukijaribu nyumbani, mchanga uwe mkavu kabisa na makaa mengi yawe juu ya kifuniko. Na jiko likae nje. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya, na imeua watu wengi waliofunga mlango wakalala nayo.